Fundi wa Maji na Simu ya Shemeji

Katika bonde la Lugodai palikuwa na fundi aitwaye Obedi, ambaye fahari yake yote ilikuwa ukurasa mmoja wa mtandaoni. Hakuwa na ng'ombe wala gari. Alikuwa na ukurasa, na ukurasa huo ulikuwa wa zamu za maji.

Watu wa bonde lile hulima vitunguu. Mto ni mmoja, mfereji ni mmoja, mashamba ni mengi, kwa hiyo kila mkulima hupewa siku yake na saa yake ya kufungulia maji. Anayekosa zamu moja hupata hasara ya kuvumilika. Anayekosa zamu mbili akiwa ndiyo kwanza amepandikiza miche, huyo ang'oe tu, msimu wake umekwisha. Zamani zamu ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao pale banioni, mahali mto unapoingizwa mferejini. Obedi alipotengeneza ukurasa, ubao uling'olewa, na kila mtu akawa anasoma zamu yake kwenye simu.

Nitawaeleza alivyoutengeneza, maana ninyi mliomo ukumbini humu ni mafundi wa kurasa na hili ni la kwenu. Wapo watu waliokaa chini wakakubaliana kanuni: ukurasa uandikwe hivi, na kila kivinjari, yaani kile chombo cha kufungulia kurasa, kiusome hivi, ili mwandishi asimjue msomaji na bado wasikilizane. Obedi kanuni hizo hakuzigusa. Alikuwa na kompyuta moja ya ofisi ya jumuiya ya watumia maji, yenye kivinjari kimoja cha zamani. Alipoona mstari umekaa upande, aliusukuma mpaka ukanyooka machoni pake. Ulinyooka humo tu, kwingine kote ulipinda. Akawaambia watu watumie kivinjari kama chake, na watu wakatii, kwa sababu walitaka maji.

Miaka sita walimwita Fundi wa Maji. Akienda gulioni anapewa kiti. Hata waliomzidi umri walikuwa wa kwanza kumjulia hali. Naye akazoea. Mtu akishazoea kuheshimiwa namna hiyo, siku heshima ikipungua kidogo anaona ameibiwa.

Mke wake Debora alikuwa na mdogo wake wa kike, Tulizo, aliyekwenda mjini kusomea kazi hii hii. Akarudi, akapanga chumba pale sokoni, akatengeneza ukurasa wa bei za vitunguu. Alifuata zile kanuni na hakuongeza mbwembwe. Ulifunguka kwenye simu za kupangusa, ulifunguka kwenye viswaswadu vya kubonyeza, ulifunguka hata kwenye ile kompyuta kuukuu ya ofisini. Watu hawakumsema Obedi vibaya, hata kidogo. Walisema tu kwamba ule wa Tulizo hausumbui.

Loo! Afadhali wangemtukana.

Wivu ukamwingia. Alianza kusikia jina la Tulizo mahali ambapo halikutajwa. Debora akisema mdogo wangu anakuja leo, yeye anaisukuma sahani kando. Msichana anaamkia shikamoo shemeji, yeye anaitikia nusu. Kila asubuhi alifungua habari za teknolojia, za makampuni makubwa na vivinjari vyao, nani kazindua nini, nani kafunga nini, na hakuwa akizisoma ili ajue. Alikuwa akitafuta sentensi moja itakayosema kwamba njia ya Tulizo imepitwa na wakati. Nawafahamu sana wasomaji wa aina hiyo, maana na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, na humu ndani siko peke yangu. Msiangaliane.

Asubuhi moja akakutana na habari nyingine. Kampuni iliyotengeneza kivinjari chake yeye, kile alichowalazimisha watu wote, ilikuwa inakiacha. Hakitarekebishwa tena, na mwizi yeyote atakayepata tundu atapita. Jumuiya ikakutana. Mwenyekiti akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba Tulizo aombwe amsaidie Obedi kuuandika ukurasa upya. Amsaidie! Obedi akasimama, akasema hana haja ya msaada wa mtoto aliyemwona akicheza kombolela. Watu wakacheka, wakamwachia kazi yake.

Jumapili ile Tulizo alikuja kwao kula. Obedi akamwomba simu, akasema yake imeisha chaji na anataka kuona matokeo ya mpira. Hakuangalia mpira. Aliangalia kivinjari cha shemeji yake ni cha toleo gani. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani kidogo, imepasuka kioo pembeni, na haikuwa na nafasi ya kupokea toleo jipya. Obedi akaikariri ile namba ya toleo, akarudisha simu, akashukuru.

Kisha akaandika ukurasa mpya, na kusema kweli aliuandika vizuri. Msidhani wivu humfanya mtu kuwa mvivu. Alizisoma kanuni wiki tatu nzima mpaka macho yakamvimba, na kazi aliyoifanya ilikuwa safi, ya kufunguka popote. Alipomaliza, juu kabisa ya kazi hiyo safi akaweka mstari mmoja ukae kama bawabu. Kila anayekuja aulizwe kwanza kivinjari chake ni kipi na toleo gani, na mwenye toleo la Tulizo asionyeshwe kitu. Asiandikiwe hata samahani. Aone peupe.

Sikieni ubaya wake. Simu ile ingeweza kusoma kila neno lililoandikwa mle ndani. Bawabu hakuiuliza inaweza nini. Aliiuliza inaitwa nani, basi.

Tulizo akajaribu kuufungua, akakuta peupe. Akampigia shemeji yake kwa adabu zote, akasema pengine kuna kosa dogo limejificha, akajitolea kuja kutazama. Obedi akamjibu kwamba dunia inakwenda mbele, na yeye anunue simu mpya. Siku hiyo alikula sahani mbili. Alifurahi, jamani, tusimpake mafuta, alifurahi sana. Wakulima wapatao arobaini walikuwa na simu za aina ile ile, maana kuna mfanyabiashara aliyezimwaga gulioni msimu uliopita. Nao wakaja kulalamika kwa karani wa jumuiya, nao wakajibiwa hivyo hivyo. Wakanung'unika, wakawa wanaulizia zamu zao kwa majirani, maisha yakaendelea.

Sasa, Tulizo aliponunua simu yake alinunua mbili, siku moja, duka moja. Moja yake, nyingine ya mama yake. Na mama yake Tulizo ndiye mama yake Debora, yaani mama mkwe wa Obedi. Obedi aliambiwa habari za simu hizo siku zilipoletwa, akaitikia vizuri, kisha akasahau. Mwenye wivu anamwona mtu mmoja tu, wengine wote wanafutika machoni pake.

Mama Debora alikuwa mjane, mwenye robo eka karibu na mwisho wa mfereji, na robo eka hiyo ndiyo iliyomlisha mwaka mzima. Alikuwa na siku nne tangu kupandikiza miche wakati mto ulipopungua na jumuiya ikapanga zamu upya. Zamu mpya ziliandikwa kwenye ukurasa na si pengine popote. Mpaka hapo mama alikuwa akifuata zamu yake ya zamani kwa kichwa; asubuhi hiyo akafungua simu, akakuta peupe. Kesho yake akafungua tena, peupe. Majirani wakamwambia, mama, zamu zimegeuzwa, ya kwako sasa ni Jumatano, usipokwenda banioni utaikosa. Yeye akawajibu kwamba anayeandika zamu ni mkwe wake, na mkwe wake si mtu wa kumsahau. Kama kwake bado hajaandika kitu, basi maji bado. Akawaambia hataki kuonekana anajichukulia maji kwa kuwa ana mkwe ofisini.

Mtaniuliza kwa nini hakumpigia simu. Kwao mama mkwe hampigii mkwe wake simu kumhoji. Hawapeani hata mkono. Hata Debora mama hakumwambia, asije akaonekana anamsema mume wa mwanawe, na Tulizo alikuwa kule sokoni, hajui kwamba zamu zimegeuzwa. Kwa hiyo akangoja. Alikuwa akiifungua ile simu kila asubuhi, anaifuta kioo kwa upindo wa khanga akidhani labda ni vumbi, anatazama, anaiweka. Jua la mwezi wa kumi mnalijua. Jumatano ya kwanza ikapita. Jumatano ya pili ikapita, maji yake yakateremka kwenye mashamba ya watu wengine, na miche yake ikalala chini, ikakauka hata ukiishika inavunjika vidoleni.

Debora alipopata habari alilia, akamwambia mumewe aende kumpa mama pole. Obedi akaenda. Shamba alilipita kabla ya kufika nyumbani, kwa hiyo alifika akiwa ameshaliona. Akasimama uani, mbali kidogo kama desturi inavyotaka, akaamkia. Mama mkwe akaitikia, akaingia ndani, akatoka na simu. Hakumpa mkononi. Aliiweka juu ya kigoda katikati yao, akarudi nyuma hatua tatu, ndipo Obedi akasogea kuichukua. Aliitambua kabla hajaigusa. Akaufungua ukurasa wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akaona kile alichokitengeneza. Hapakuwa na neno hata moja. Namba ya toleo hakuhitaji kuitafuta, alikuwa nayo kichwani.

Alikuwa na jambo la kusema, na alilijua. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, ameinamisha macho kwa heshima, anangoja aambiwe. Obedi akasema mtandao ulikuwa unasumbua.

Mama akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia: "Pole na kazi, baba. Kumbe na wewe mitandao hii inakutesa hivyo, na sisi huku tunangoja tu hatujui."

Akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe, akayaweka juu ya kigoda. Obedi akayanywa yote, kwa kuwa kuyaacha kungekuwa kumtukana.

Akaufuta ule mstari akiwa njiani kurudi, amesimama kando ya mfereji na simu mkononi. Haikumchukua muda wa kufunga kamba za kiatu. Ukurasa ukafunguka kwa wote arobaini, ukafunguka kwa Tulizo, ambaye alimwandikia ujumbe wa kumpongeza. Ukafunguka na kwa Mama Debora. Aliuona asubuhi iliyofuata, umeandika jina lake vizuri kabisa, na siku na saa. Akafurahi. Ilipofika Jumatano akachukua jembe, akaenda, akafungulia maji kwenye robo eka isiyo na mche hata mmoja, akasimama akiyaangalia yakijaa mpaka saa yake ikaisha. Majirani walipomwuliza anamwagilia nini, alisema mkwe wake ameandika.

Ninyi mmekaa ukumbini humu tangu asubuhi mkibishana ni vivinjari vipi vya kufungiwa nje. Mmenisomea habari za makampuni, mmenionyesha namba za matoleo, mmeniambia wenye simu za zamani wanatuchelewesha. Inawezekana mna haki, mimi sikatai, kuna vilivyooza ambavyo kweli havifai kuachwa wazi. Lakini kabla hamjaandika mstari wenu, nataka kila mmoja anijibu mbele ya wenzake: ni nani hasa unayemwonea wivu, na ana mama yake anayekuamini?