Kiboko Aliyejibu Ndiyo Mara Tatu

"Wa jamvini, mmeketi?"

"Tumeketi!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Basi utaratibu wa leo ni mwepesi. Kila nikiuliza 'Niendelee?' mnajibu 'Ndiyo!' Na wewe, kaka Shemhilu, mwenye nyumba, jibu kwa sauti na uache kutazama jikoni. Kuku bado hajaiva. Niendelee?"

"Ndiyo!"

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mashine zilikuwepo, mto ulikauka. Wanyama wakachimba kisima kirefu, wakaweka pampu, na pampu ikaendeshwa na mashine yenye kioo cheusi na maandishi meupe. Ukiiandikia neno, inatii. Pampu inanguruma, du-du-du-du, na maji yanatoka, chururu.

Mashine ile ilihitaji mtu wa kutunza neno la siri. Wanyama wakauliza, nani atalitunza? Kiboko akasema, "Mimi." Wakamtazama alivyo mkubwa, wakaona hakuna haja ya kura, akawa Mwenyekiti.

Wiki ile ile Kiboko akaingiza kitu chake. Programu za mashine zilikuja zimefungwa vifurushi, kila kifurushi na jina lake, na hiki kiliitwa Kiboko-Kwanza. Kazi yake ni kujaza dimbwi la Kiboko kwanza, ndipo wengine wapate. Nalo dimbwi halikujaa hata siku moja, kwa sababu kila likikaribia kujaa, Kiboko alilipanua. Wengine walipata matone. To. To. To.

Fundi wa mashine alikuwa Bi Pimbi. Msidhani alichaguliwa kwa akili. Ni kwamba Kiboko akikanyaga vibonye anabonyeza kumi na viwili kwa mpigo, na Pimbi ana vidole vidogo. Nyumbani kwake, kwenye mawe, alikuwa na watoto watatu wenye kiu. Asubuhi moja yule mdogo akaacha kulia. Pimbi aliuogopa ukimya ule kuliko kilio, akatoka mbio mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umekuja kuomba maji?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia mashine yako imepitwa na wakati. Kuna kifurushi kipya cha pampu kinachovuta maji mara mbili."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mara mbili ya haya?"

"Mara mbili. Naandika jina la kifurushi tu, mashine yenyewe inakifuata boharini."

"Pimbi, nakufahamu. Wewe ni mjanja. Hutagusa kitu mpaka unisomee kila mstari, tena mbele ya wote."

"Kila mstari, Mwenyekiti," akasema Pimbi, na moyo wake ukatulia kidogo, kwa sababu hilo ndilo alilotaka.

Akaandika, ta-ta-ta-ta. Akasoma: "Kitakachoingia, kifurushi kipya cha pampu. Kitakachoondolewa, kile kikuukuu. Niendelee? N ni ndiyo, H ni hapana." Kiboko akauliza maswali manne, akafikiri, akasema, "Ndiyo." Pampu ikanguruma, du-du-du-du, maji yakatoka mara mbili. Kiboko akapanua dimbwi mara mbili. Wengine je? To. To. To.

Kesho yake Kiboko mwenyewe akauliza, "Hakuna kingine kipya?"

"Kipo cha kuchuja matope, ila hakiji peke yake. Vifurushi ni kama wageni wa harusi. Unamwalika mmoja, anakuja na shangazi, na shangazi anakuja na wajukuu."

Akaandika, ta-ta-ta-ta. Mistari arobaini. Kiboko akasikiliza kumi, kisha akapiga mwayo, aaaah-hum, ndege aliyekuwa akimchokoa meno akaruka kuokoa maisha yake. "Ndiyo," akasema Kiboko. Maji yakatoka meupe. Wengine je? To. To. To.

Siku ya tatu Pimbi akasema, "Kuna cha kupoza maji, Mwenyekiti."

"Maji baridi? Kwa jua hili?"

"Baridi. Ila jamaa zake ni wengi. Orodha ina mistari mia mbili kumi na mbili."

Sasa, miongoni mwa jamaa hao alikuwemo mmoja aitwaye Zamu. Zamu hugawa maji, kila mnyama kwa wakati wake. Zamu na Kiboko-Kwanza hawapatani hata kidogo, mmoja akiingia mwingine hutoka. Pimbi alilijua hilo tangu wiki ya kwanza.

Wanyama wakakusanyika. Pimbi akasoma, na wala hakupunguza sauti. Kipoza maji kitaingia. Kipima joto kitaingia. Kamusi ya kipima joto itaingia. Aaaah-hum! Kufika mstari wa hamsini, Kiboko alikuwa amezama mpaka puani. Kufika wa mia, Pimbi akamtupia Kiboko jicho. Akamkumbuka yule mtoto aliyenyamaza, akasoma. Mstari wa mia na nane, Zamu ataingia. Wa mia na tisa, Kiboko-Kwanza kitaondolewa. Wa mia na kumi, neno la siri la Kiboko litafutwa. Wa mia na kumi na moja, firigisi ya kuku ni ya msimulizi. Wa mia na kumi na mbili, foleni itaanza na wenye umbo dogo. Wa mia na kumi na tatu, lugha ya kipima joto itaboreshwa. Akasoma hivyo hivyo mpaka mwisho. Niendelee?

"Ndiyo!"

Naam, na Kiboko akajibu hivyo hivyo.

Lakini mashine ikasita. Ikamtaka mwenye neno la siri aandike mwenyewe: *Nimesoma yote na nimeridhika.*

"Mashine hii ina maneno mengi," akanung'unika Kiboko. Akauma kijiti, akagonga kibonye kimoja kimoja. Ilimchukua muda mrefu kuliko ule ambao angetumia kusoma.

Du-du-du-du! Chururu! Maji yakatoka, tena baridi. Yakapita kando ya dimbwi la Kiboko, yakaingia kwenye bomba la wote. Watoto wa Pimbi wakanywa wa kwanza. Yule mdogo akanywa, akapaliwa, akaanza kulia, na Pimbi akalia naye kwa furaha.

Kiboko akanguruma, "Rudisha Kiboko-Kwanza!" Akagonga neno lake la siri. Mashine ikajibu: *Kiboko hafahamiki hapa.*

"Umenidanganya, Pimbi!"

"Nilikusomea, Mwenyekiti. Mstari wa mia na tisa. Ukaandika mwenyewe kwamba umeridhika."

Kiboko akainua mguu aisage mashine. Halafu akakumbuka kwamba bila mashine hata yeye hatakunywa. Akaushusha mguu polepole.

"Zamu yangu ni lini?"

"Baada ya Kobe, Tumbili, Swala na wengine. Utaitwa."

Kobe alikuwa ndiyo kwanza anainama kunywa.

Swala akauliza, "Na nani aliyepanga wadogo watangulie?"

"Mstari wa mia na kumi na mbili," akasema Pimbi. "Hukusikia?" Swala akatazama chini, maana naye alikuwa amesinzia.

Hadithi yangu imekwisha, naitua hapa jamvini, anayeipenda aibebe. Na funzo lake ni hili: msipoteze muda kusikiliza orodha ndefu. Mwenye haraka zake aseme ndiyo, akapumzike. Mmekubali?

"Ndiyo!"

Vizuri. Naona kuku ameiva. Kaka Shemhilu, nipitishie firigisi.

"Firigisi? Dada, firigisi ni ya mwenye nyumba, tangu enzi za babu!"

Mstari wa mia na kumi na moja, kaka. Nikauliza niendelee, na wewe ndiye uliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote.