Mtungi wa Jumbe Senkoro

Kila mara Nakijwa mfinyanzi alipochoma vyungu, Jumbe Senkoro alikuja kujichukulia kilicho kizuri kuliko vyote, bila hata ahsante. Safari hii alitaka mtungi wa pombe ya harusi ya bintiye.

“Njoo kesho kutwa, Jumbe,” alisema Nakijwa. “Nikishauchoma, nitaumiminia uji wa moto uzibe vitundu.”

“Mimi si mtu wa kupewa makombo ya uji. Utoke mikononi mwako uje mikononi mwangu, usiguswe na kitu kingine chochote.”

“Chochote, Jumbe?”

“Chochote. Wazee hawa wamesikia.”

Wazee aliofuatana nao wakasema wamesikia.

Nakijwa akaufinyanga mtungi kwa udongo mwekundu, akausugua kwa viganja vyake mpaka ukang’aa. Jumbe alipoupokea, aliusifu.

Siku ya harusi pombe ilimiminwa mtungini. Kabla mgeni wa kwanza hajaonja, mtungi ulilegea, ukabonyea, ukawa tope mbele ya wakwe.

Jumbe akaja kwa Nakijwa, kanzu imelowa pombe.

“Umenipa udongo mbichi.”

“Nilitaka kuupitisha motoni, Jumbe,” alisema Nakijwa, akiendelea kufinyanga. “Nikakumbuka wazee walisikia.”