Kiwiko cha Mshona Kofia

Haya alinisimulia shangazi yangu Mwanaheri, siku tunachambua choroko, nami nawapa kama alivyonipa.

Palikuwa na mama mmoja mshona kofia, zile za vitundu. Ukiishika kazi yake utadhani manyunyu yamepita juu ya kitambaa. Mwanawe alikuwa anaoa, na kofia ya harusi akaitaka ya mkono wa mamake, si ya dukani.

Basi vidole viwili vya yule mama vikalala ganzi. Cha mwisho na mwenzake wa jirani. Vimelala mchana kweupe, baridi, kama vya mtu mwingine. Sindano inamponyoka, yeye hasikii. Akisinzia huviota vimekaa nje kizingitini, anaviita, "Njooni ndani," vinamtazama tu.

Akavisugua mafuta ya karafuu, akavifukiza ubani. Wapi.

"Ni yule jirani," akasema. "Tangu naye aanze kushona kofia, ana kijicho na mkono wangu."

Mwanawe akampeleka zahanati. Daktari, binti mdogo tu, vidole hata hakuvigusa. Alimgonga kiwiko upande wa ndani, taratibu, na kitu kama cheche kikateremka mpaka kidole cha mwisho.

"Mshipa wa fahamu unapita hapa, mama, na umebanwa. Kiwiko hiki unakiegemeza wapi?"

"Dirishani."

"Kwa muda gani?"

"Kutwa."

"Kutwa dirishani unafanya nini, mama?"

Mwanawe ndiye aliyejibu, "Anahesabu wanaoingia kwa jirani kununua kofia."

Mnasikia, wajukuu zangu? Nani alimroga?

Daktari akamwambia asikiegemeze tena, na akilala akizungushie kanga kisikunjike. Isipofaa, watapasua pale panapobana. Haikufika huko. Uhai ulirudi vidoleni polepole, kama sisimizi wanaorejea kwao. Lakini ulirudi harusi imeshapita. Kijana aliingia ukumbini na kofia ya yule jirani, na shangazi alisema ilimkaa vizuri sana.

Na sisi je? Kikitufia ganzi kitu, mbio tunataja jina la mtu. Nani kati yetu hujiuliza mwili wake mwenyewe ameuegemeza wapi? Mungu katupa mikono tufanye kazi. Tukiigeuza nguzo ya kuchungulia riziki ya mwenzetu, tunajibana wenyewe, na yeye hata habari hana.

Haya, mwenye mkojo akakojoe, mkalale.