Ndama wa Talaso na Kwaya ya Wavulana

Kaeni vizuri mfungue masikio, kwa sababu hadithi hii nimekuja nayo bila mwisho. Mwisho mtautoa nyinyi.

Palikuwa na kwaya ya wavulana kutoka milimani, kwenye mvua na migomba, iliyokuja jangwani kupiga kambi na kutumbuiza. Watatu kati yao walisifiwa kuliko wenzao. Muthomi alikuwa na sauti: akiimba upande huu wa tambarare, mchungaji wa upande wa pili aligeuka. Koome alikuwa na sikio: wimbo akiusikia mara moja, aliweza kuwafundisha wenzake kabla chai haijachemka. Gituma alikuwa na kifua na mikono, na hakuogopa kitu. Vipaji vizuri, sibishi. Ila walitembea kana kwamba jua linawasubiri wao ndipo lichomoze.

Talaso aliwachoka tangu walipopiga mahema. Alikuwa msichana wa rika lao, akichunga ngamia wa baba yake, Mzee Guyo, na mzee huyo ndiye aliyepanga zamu za kunywesha mifugo kisimani. Aliwaona wakinawa miguu kwa maji ya kunywa. Aliwasikia wakilalamika kwamba wali una mchanga.

"Mbuzi wana adabu kuliko hawa," alimwambia mama yake.

"Ni wageni. Nyamaza."

Talaso alikuwa na ndama mmoja jike. Alipewa siku aliyotolewa shule ili achunge, asije akalia. Baba yake alimwambia kwamba ndama akikua na kuzaa, maziwa yake yatamrudisha darasani. Kwa hiyo Talaso alipomtazama yule ndama hakuona ngamia, aliona dawati.

Sasa, pale kisimani kila ukoo una wimbo wake. Wanaume hushuka, hupokezana ndoo huku wakiimba, na ngamia wa ukoo huo wakisikia wimbo wao hujua maji yako tayari, wakaja. Hauimbwi kwa mchezo.

Koome aliusikia ule wa ukoo wa Talaso asubuhi moja, akawafundisha wenzake. Mchana Gituma aliburuta pembeni miba iliyoziba mdomo wa kisima, ili wasimame karibu, maana kisima kiliitikia vizuri kuliko ukumbi wa shule yao. Muthomi akaupaza. Mwalimu wao alifumba macho kwa raha, akasema huo ndio utakaofungua tamasha.

Talaso alikuja mbio. "Nyamazeni. Huo si wenu."

"Dada, muziki hauna mwenyewe," Muthomi alisema, akaongeza sauti. Wenzake wakacheka.

Ngamia walikuja, kundi zima lenye kiu. Walikuta birika la kunyweshea mifugo tupu, wakasukumana, na ndama wa Talaso akatumbukia kisimani. Mzee Guyo alifika akaona ngamia wengine nao wanasogea kwenye shimo. Akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Atakayemtoa akiwa hai, ni wake."

Gituma alishuka. Alisimama kwenye maji na tope, akainua kichwa cha ndama, akamfunga kamba chini ya tumbo. Bila yeye ndama angezama.

Muthomi aliondoka pale akiimba wimbo uleule, na ngamia wakamfuata hadi birika la mbali, mama wa ndama akiwa mbele. Bila yeye kundi lingewaangukia Gituma na ndama pamoja.

Waliobaki walishika kamba, na kila mmoja alivuta wakati wake, kama walevi. Koome akapindua debe, akawapigia mdundo, wakavuta kama mtu mmoja. Bila yeye ndama angening'inia hapo hadi kamba ikatike.

Ndama akatoka, amelegea, hapumui. Talaso alimtoa tope puani kwa vidole, akampulizia mpaka akakohoa. Hilo hakuna aliyelihesabu. Walikuwa wanagombana.

"Ni wangu," Gituma alisema. "Nyinyi mlikuwa juu mmekauka. Tutamchoma siku ya mwisho wa ziara."

"Ungekuwa chapati chini ya ngamia, kama si mimi," Muthomi alisema.

"Na ungekuwa huko chini mpaka sasa," Koome alisema.

Talaso hakuinuka. "Na nani alimtumbukiza?"

Wakaanza kunyoosheana vidole.

"Koome ndiye aliyeleta wimbo," Gituma alisema.

"Mimi nilifundisha tu. Miba uliondoa wewe."

"Miba haiiti ngamia. Aliyepaza sauti ni Muthomi."

"Tuliimba sote," Muthomi alisema.

"Naona," Talaso alisema. "Kutolewa, kila mmoja amemtoa peke yake. Kuingizwa, mmemwingiza nyote."

Mwalimu wao alikohoa kidogo. "Vijana walikuwa wanaenzi utamaduni wenu, binti."

Talaso hata hakumtazama. Alimgeukia baba yake.

"Neno limeshatoka," Mzee Guyo alisema. "Nikilirudisha, kesho nani atakubali nikimwambia asubiri zamu? Watu watauana kwa ajili ya maji."

"Baba, mimi ulinipa kwanza. Lile halikuwa neno?"

"Lilikuwa neno."

"Basi."

"Nani mwingine alilisikia, mwanangu?"

"Mimi nililisikia."

Mzee alisimama na kamba ya ndama mkononi. Lori la kuipeleka kwaya kwenye tamasha lilikuwa limeshawashwa, na wale watatu wamenyoosha mikono.

Mko wengi hapa, na wote mmesikia. Mwambieni mzee. Ampe Gituma aliyeshuka, Muthomi aliyeongoza kundi, au Koome aliyewafanya wavute pamoja? Au avunje neno lililosikiwa na watu wote, ili alitimize lile lililosikiwa na msichana mmoja? Atakayejibu aseme na sababu yake, na aiseme akimtazama Talaso usoni.