Miiba Juu ya Kaburi la Wanja

Wakiuru alivuta tawi jingine la mgunga kutoka juu ya kaburi la binti yake, na miiba ikapenya gunia alilojifunga mikononi. Upande wa pili Mzee Githae, mzee wa kanisa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa akivuta matawi huku akinong'ona zaburi. Upepo wa alasiri ulikuwa umeinua vumbi la Isiolo hadi jua likawa jekundu kama shaba. Makaburi yale ya nje ya Chechelesi yalikuwa kimya, ila mashada ya plastiki yaliyochakarika juu ya misalaba.

"Vuta, Mama Wanja, usiogope," Githae alisema. "Imeandikwa kwamba ardhi ilipolaaniwa ilizaa miiba. Hatuwezi kumlaza mtoto wa Mungu chini ya laana."

"Lakini juzi tuliitoa yote, mzee. Nani anairudisha?"

Githae alionyesha chini kwa kidole. Hapakuwa na nyayo za mtu. Kutoka vichakani hadi kaburini palikuwa na mfuo mpana katika mchanga, kama ulioachwa na kiumbe kizito kisicho na miguu. Kila walipoondoa miiba, ilirudi, na mfuo ule ulirudi pamoja nayo.

"Siku ya mazishi kuna mtu aliyetaka tuweke miiba hapa," Githae alisema hatimaye. "Nikamkemea. Wewe unamjua, anakaa katika ploti yako."

Alimaanisha Koome, fundi wa pampu za visima, mpangaji wa Wakiuru huko Kiwanjani. Alikuwa mpole kama maji mtungini. Lakini alipoulizwa mbona haonekani kanisani, alijibu waziwazi kwamba haamini kama Mungu yupo, na tangu siku hiyo majirani walimsalimu wakitazama pembeni. Wanja alipokuwa hai alimwita mjomba, na Wakiuru hakuona ubaya. Sasa, baada ya homa kumchukua mtoto, shaka ilikuwa imemwingia mama kama mchwa katika mbao.

"Mtu asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani?" Githae aliuliza. "Mwambie ahame."

Jioni hiyo Wakiuru alimkuta Koome kwenye mfereji wa ploti akiosha grisi mikononi.

"Fundi, nataka chumba changu."

"Ni kwa sababu siji kanisani?"

"Ni kwa sababu ya miiba."

Koome aliacha kuosha mikono. "Mmeitoa leo?"

"Yote."

Aliufunga mfereji kwa haraka, akatazama upande jua lilikotua. "Nitahama, Mama Wanja. Si neno." Kisha akachukua panga lake nyuma ya mlango, akatoka bila kukausha mikono.

Hakurudi. Fisi walicheka upande wa Chechelesi, na panga lile halikumtoka Wakiuru akilini. Kabla hakujapambazuka vizuri alimpigia simu Mzee Githae, nao wakaenda makaburini pamoja.

Vumbi la jana lilikuwa bado limening'inia juu ya ardhi kama moshi. Walisikia kabla ya kuona: kitu kilikuwa kikiparura udongo. Kilinyamaza, kikaparura tena. Walipokaribia, waliona msalaba wa Wanja umeanguka, na juu ya kaburi umbo la mtu limechuchumaa, likivuta mchanga kwa mikono miwili.

"Anamfukua!" Wakiuru alipiga yowe.

Githae aliinua fimbo yake. "Kwa jina la Yesu, toka hapo!"

Umbo likageuka. Alikuwa Koome, uso umekuwa wa kijivu kama majivu, vidole vikivuja damu.

"Nisaidieni kufukia," alisema kwa sauti ya chini. "Na msikimbie. Mkikimbia watawafuata."

"Akina nani?"

Aliwaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya vichaka fisi walikuwa wameketi, mabega yameinama, hawatoi sauti. Walilikodolea macho kaburi kama waombolezaji waliochelewa, wanaosubiri kuitwa.

Hapo ndipo Wakiuru alipotazama vizuri. Upande wa miguu kaburi lilikuwa limechimbwa shimo la kuweza kumeza mkono mzima, na kucha za wanyama zilikuwa zimechora mchanga kila mahali. Shimo halikuwa limefika kwenye sanduku. Alipiga magoti akaanza kusukuma mchanga. Githae aliitupa fimbo, akapiga magoti kando yake. Jua lilipochomoza, fisi waliinuka, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Nilipokuwa nikitengeneza pampu kule Korbesa," Koome alieleza, "sikuona kaburi lililoachwa bila miiba na mawe. Niliwaambia, lakini mzee alikasirika. Basi nikawa napita hapa nikitoka kazini, naburuta tawi nyuma yangu. Jana nilikuja kukata matawi mengine, nikawakuta wameshaanza kuchimba, nikawazuia hadi alfajiri."

Wakiuru aliutazama ule mfuo. Kumbe tawi lilikuwa likifagia nyayo za aliyelivuta.

"Kwa nini lakini?" aliuliza. "Wewe huamini Wanja yuko mbinguni. Huamini kuna anayekuona. Na jana nimekufukuza! Ulikuja kutafuta nini hapa?"

Koome alijipangusa damu kwenye suruali. "Kwangu mimi Wanja hayupo tena, mama. Fisi hawawezi kumfanya lolote akalisikia. Lakini wewe upo. Ungekuja Jumapili na maua yako, ukute..."

Mzee Githae alishika mwiba mmoja mkononi akiugeuzageuza.

"Nimefundisha kwamba asiye na hofu ya Mungu huwa mnyama," alisema. "Na jana ni mimi niliyewafungulia wanyama mlango. Nisamehe, fundi. Lakini sitakuficha: naamini ni Yeye aliyekutuma."

"Amini, mzee," Koome alijibu, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mimi nitasema nilijituma. Ila shika tawi upande ule, na polepole. Mwiba haumuulizi mtu dini yake."

Githae alicheka hadi akakohoa vumbi.

Walifanya kazi mpaka mchanga ukaanza kuchoma miguu. Kaburi lote likafunikwa miiba, kisha wakaanza kupanga mawe ya kuikandamiza isipeperushwe na upepo. Walipofika nusu, mawe ya karibu yakaisha. Githae aliomba ruhusa asali. Koome alivua kofia, akainamisha kichwa mpaka sala ikaisha. Hakusema amina, wala Githae hakumngojea aiseme.

"Koome," Wakiuru alianza, "kuhusu kile chumba..."

"Kesho tutahitaji wilbaro ya kubebea mawe," Koome alimkatiza taratibu. "Mzee ana moja dukani. Panga naliacha hapa."

Akalichomeka panga mchangani, akashika njia ya kwenda kazini bila kugeuka. Safari hii hakuburuta kitu. Nyayo zake zilibaki mchangani, moja baada ya nyingine, hadi barabarani. Wakiuru alizifuata kwa macho, huku Mzee Githae akisema polepole, kana kwamba anausikia msemo huo kwa mara ya kwanza: tenda wema nenda zako.