Mbwa Wawili, Kamba Moja

Wewe uliyekunja pua hapo kwenye benchi la nyuma, ikunjue. Nimetaja mbwa tu, nikasikia mguno: mbwa kanisani? Kwani kondoo mmehubiriwa tangu mkiwa wadogo, na nani kati yenu ameacha kuuma watu? Leo ni mbwa. Na usinitazame kwa jicho hilo la "bibi anatunga." Kama hujawahi kuona mbwa wamesimama juu ya pikapu, hujapita barabara za huku kwetu. Weka simu mfukoni, usikilize.

Kulikuwa na mama mmoja wa huku kwenye baridi. Yeye na mume wake walikuwa na shamba la viazi kule bondeni, na lile ndilo shamba lao, hawana jingine. Viazi vilikaribia kuvunwa, na nguruwe pori walikuwa wameshavinusa. Nguruwe pori mnamjua. Anakula kama mwenye nyumba, na asichokula anakifukua. Basi mume akaazima pikapu ya shemeji yake, wahamie bondeni mpaka mavuno, na walinzi wao wawe mbwa wawili: jike mzee, ambaye nguruwe wakisikia sauti yake tu wanarudi porini, na dume kijana, mwenye mbio nyingi na akili kidogo.

Vyombo vikapakiwa kwanza. Masufuria, majembe, magunia, na juu kabisa godoro. Mbwa wakapandishwa juu ya godoro. Walivyosimama pale, kingo za bodi zilikuwa hazifiki hata kwenye magoti yao. Mama alitazama, akamgeukia mumewe.

"Baba Tulizo, hawa wataruka."

"Hawaruki."

"Tuchukue lile tenga la nguruwe, tuwatie humo, halafu tenga tulifunge kwenye lile bomba la chuma nyuma ya kibanda cha dereva."

Mume akacheka. "Mbwa wangu wapite sokoni ndani ya tenga la nguruwe? Watu waniulize nachinja lini?"

"Basi tushushe godoro, wakae chini kwenye bodi. Uwafunge kifuani, kamba fupi, hapo nyuma ya vichwa vyetu."

"Niwafunge kwenye chuma wajinyonge? Wewe tulia."

Akachukua kamba, akafanya kama wanavyofanya wawindaji wa huku. Mwindaji akiwa na mbwa mchanga humfunga shingoni kwa mbwa mkongwe, watembee pamoja porini. Mchanga akitaka kukimbilia ujinga, mkongwe anamrudisha. Ni kazi nzuri, baba yake alifanya hivyo na babu yake pia. Lakini baba na babu walikuwa wanatembea kwa miguu.

Mama akaikagua kamba kwa mkono.

"Jike umemfunga wapi?"

"Kwa dume."

"Na dume?"

"Kwa jike. Mbona unahoji kama polisi wa barabarani? Panda gari, Mama Tulizo."

Akapanda. Lakini hakukaa kama watu wanavyokaa. Alikaa upande, shingo ameigeuza, macho kwenye kidirisha cha nyuma. Gari likaanza kuteremka. Kila kona dume alilala huku, kila shimo akarushwa kule. Akaona jike amepanua miguu, kucha amezizamisha kwenye godoro. Likapita lori la mbao, vumbi likajaa, mama akawa haoni kitu. Akabana pumzi. Vumbi lilipotulia akahesabu vichwa: kimoja, viwili. Akapumua.

"Shingo itakupinda," mume akamwambia.

"Punguza mwendo."

"Nimepunguza."

"Basi simama, tuwafunge upya."

"Nisimame kwenye mteremko huu na breki za kuazima? Unataka tufe sisi?"

Dume akaweka miguu ya mbele juu ya ukingo, anatafuta upepo. Kamba ikakaza. Jike akakaa kitako, akamvuta. Dume akarudi.

"Umeona?" mume akasema, amefurahi kabisa. "Si nilikwambia? Anamshika!"

Lakini mama alikuwa ameona jambo jingine. Kila jike alipomrudisha mwenzake, yeye mwenyewe alikuwa amesogea kidogo kuelekea ukingoni. Kidogo tu. Mama akaanza kukanyaga sakafu ya gari kwa mguu wa kulia, kana kwamba breki iko upande wake.

Wakafika penye nyumba za kando ya barabara. Akatoka mbwa mmoja wa watu, mbwa asiye na maana yoyote, akabweka. Dume akaruka.

Hakufika chini. Alining'inia nje ya gari kwa shingo, miguu inapiga hewa. Na jike? Jike alifanya kila alichojua. Alikaa kitako. Alivuta. Kucha zilishika godoro kwelikweli, lakini godoro lenyewe halikufungwa, likateleza pamoja naye.

"Simama!" mama akapiga kelele. "Baba Tulizo, simama!"

Mume akakanyaga breki kwa nguvu zote, gari likayumba, jike akatupwa ukingoni, shingo ikalalia chuma, na uzito wote wa mwenzake uko upande wa pili.

Mama akachomoa panga chini ya kiti, akaruka kabla gari halijatulia, akakata kamba kwa pigo moja. Dume akaanguka. Akakohoa, akajikung'uta, akaenda kumnusa yule mbwa wa watu. Jike alibaki palepale ukingoni. Kucha zake zilikuwa bado zimeshika godoro.

Mume akasimama barabarani, mikono kichwani. "Lakini alikuwa anamshika," akasema. "Wewe mwenyewe umeona. Alikuwa anamshika!"

"Alimshika," mama akasema. "Yeye alishikwa na nani?"

Viazi vya mwaka ule vililiwa na nguruwe.

Sasa naona mnamsikitikia mbwa, wengine mnatafuta leso. Acheni. Huyo ni mbwa wa mfano, hajazikwa popote. Niambieni, sisi tumefungwa wapi?

Wewe baba, Jumapili umelala, unasema mama watoto amekwenda, inatosha. Umefungwa wapi? Kwa mkeo. Wewe kijana, unampigia simu mama yako, "niombee," simu haijapoa umesharuka. Umefungwa wapi? Kwa mama yako. Na wewe mama mwenzangu usitabasamu, nilikuwa nakuja kwako. Nyumba nzima imening'inia shingoni mwako na unaona fahari. Unawaombea wote, unawavuta wote. Lini ulipiga magoti kwa ajili ya roho yako wewe, siyo kwa shida za wanao? Umefungwa kwao nao wamefungwa kwako, na Bwana hakuna aliyemgusa. Tunaita huo upendo. Kona ikifika tutajua jina lake.

Sisemi tusishikane. Shikaneni! Lakini kila mmoja awe na kamba yake, fupi, imefungwa kwa Mungu. Mkeo si chuma, hakuzaliwa kuwa chuma. Anateleza kama wewe.

Na hapa kwenye ushirika wetu ndiyo kabisa. Sala ya kufungua, Bibi. Sala ya kufunga, Bibi. Mgonjwa wako mwenyewe, hujafungua kinywa kumwombea hata mara moja, unakuja kugonga kwangu: "Bibi, wewe Mungu anakusikia." Mnajikalia kwa amani, mnasema Bibi yupo. Bibi yupo juu ya godoro, wanangu, na kucha zimeisha.

Basi leo sala ya kufunga siiombi. Kila mtu na kinywa chake. Mkikaa kimya, kaeni kimya mbele za Mungu, siyo mbele zangu. Nipisheni nipite. Natoka, na mlango naufunga kwa nje. Asinifuate mtu kuniuliza aseme nini.