Maji ya Udhu Mlangoni mwa Mayatima

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi mjane mchamungu akiitwa Lubaba, msokota nyuzi, pamoja na bintiye mdogo Rababu. Nyumba yao ilikuwa bondeni, mtaa wa mafukara, chini kabisa ya msikiti. Msikiti huo aliujenga Sheikh Abu Wathila, mzee mwenye huruma ambaye kila Ijumaa alimpelekea mjane yule unga na asali. Birika la udhu alilichimba kwa mikono yake mwenyewe, na waumini walilipenda mno. Wengine walitawadha kwa maji mengi utadhani wanaosha ngamia.

Maji yale yaliteremka kwa mfereji, yakatuama mbele ya nyumba za bondeni. Hayakukauka kiangazi wala masika. Mbu walizaliana, homa haikubanduka mtaa ule, na watoto wakazikwa. Watu wa juu, wenye upepo mwanana na nyumba kavu, walitikisa vichwa wakisema, "Wale wa bondeni ibada yao haba." Na wa bondeni, masikini ya Mungu, wakaamini. Hata dimbwi lenyewe hawakuthubutu kulifukia, kwani ni maji ya udhu, yana baraka.

Rababu naye akashikwa na homa. Lubaba alifunga, akaomba, akatoa sadaka kibaba cha unga alichokuwa nacho. Mtoto akazidi kukonda. Shangaziye, aliyekuwa mtumishi katika nyumba moja huko juu, akamchukua kwa siku chache. Huko mtoto akanawiri, akacheka, akaomba chakula. Lakini mtumishi hana nyumba ya kumweka mtoto wa mtu. Akamrudisha, na homa ikarudi. Ikawa hivyo tena. Hapo moyo wa Lubaba ukajua, na ukaogopa. Atamwambiaje mfadhili wake kwamba wema wake ndio unaommaliza mwanawe? Na nani wa kuinyooshea kidole nyumba ya Mwenyezi Mungu?

Ijumaa ilipofika Sheikh akaja na wanafunzi wake. Akaweka kiganja juu ya paji la mtoto, akamwombea shifaa hadi machozi yakamtoka. Kumwona analia, Lubaba hakustahimili.

"Sheikh wangu," akasema nyuma ya pazia, "dua yako naipokea kwa mikono miwili. Lakini mwanangu akilala juu hupona, akilala hapa huugua. Ni maji haya ya msikitini. Niwie radhi, sikuweza kunyamaza tena."

Wanafunzi wakang'aka. "Astaghfirullah! Maji ya udhu huondoka na madhambi ya waja, leo yawe maradhi?"

Sheikh akalitazama dimbwi. Kisha akasema taratibu, "Ikiwa yanaondoka na madhambi yetu, ndugu zangu, basi miaka yote hii tumekuwa tukiyamwaga mlangoni mwa mayatima."



Akaligeukia pazia. "Binti yangu, mbona hukuniambia mapema?"

"Niliogopa kuilaumu nyumba ya Mwenyezi Mungu."

"Nyumba ya Mwenyezi Mungu haina kosa. Mfereji niliuchimba mimi."

Siku ile ile akalifunga birika, akawaamuru watu watawadhe majumbani mwao. Akashika jembe, na uzee wake ule, akaanza kuchimba mfereji mwingine wa kuuzunguka mtaa na kupeleka maji kwenye mashamba ya mtama nje ya mji. Wale waliong'aka wakaona haya, wakavua majoho wakamsaidia. Dimbwi likafukiwa. Homa ikamwacha Rababu polepole, na watoto wenziwe pia, alhamdulillahi.

Rababu alipoweza kusimama, Sheikh aliketi chini mbele yake uani, penye udongo mkavu, akasema, "Nisamehe, mjukuu wangu." Mtoto hakujua kosa lenyewe ni lipi. Akamshika ndevu, akacheka. Mzee akalia kama ambavyo hakuwahi kulia.

Enyi ndugu, Mola alizisikia dua zote alizoombewa mtoto yule, na jibu Lake likaja kwa ulimi wa mama aliyekuwa akitetemeka. Basi tunapomwombea jirani afya, tuulize pia maji yetu yanaishia mlangoni mwa nani.